Chuo cha akina yahe kinachopika watunga sera

Nauli inapopanda ghafla Jumatatu asubuhi, mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni makanga. Ndiye aliye karibu, na ndiye anayening'inia mlangoni akidai shilingi ishirini zaidi. Lakini wewe msomaji unajua vyema kwamba makanga hakuamua bei ya mafuta, wala ushuru unaotozwa mafuta hayo, wala barabara ipi itengenezwe na ipi iachwe na mashimo yake hadi mwaka ujao. Mambo hayo yaliamuliwa na watu waliokaa mezani wakiwa na takwimu, kalamu na vikombe vya chai. Kazi yao ndiyo inayoitwa utungaji wa sera ya umma. Na kama ilivyo kazi ya udaktari au ya ufundi wa magari, nayo husomewa.

Iwapo neno "sera" linakukumbusha tu hotuba ndefu za wanasiasa, hebu kumbuka Februari 2004. Ndipo zilipoanza kutekelezwa kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Nissan ikabeba abiria 14 na si zaidi, kila kiti kikawa na mkanda, mwendo ukadhibitiwa usipite kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ukachorwa ubavuni. Kwa miezi kadhaa watu walikaa ndani ya matatu kwa adabu kana kwamba wako kanisani. Kisha mikanda ikaanza kuchakaa, vidhibiti mwendo vikachezewa, na "songa mbele kidogo" ikarudi. Kutunga kanuni ilikuwa nusu ya safari. Nusu ya pili ni nani atakayeisimamia kila siku, kwa pesa zipi, na nani atapoteza mkate wake ikifaulu.

Au kumbuka Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure. Zaidi ya watoto milioni moja ambao hawakuwa shuleni walijitokeza. Hakuna mzazi mwenye moyo aliyeipinga sera hiyo. Hata hivyo, madawati hayakuongezeka kwa kasi ya watoto, na mwalimu aliyekuwa na wanafunzi 40 akajikuta mbele ya 80. Hapo ndipo anapohitajika mtu aliyefunzwa kuuliza mapema: vyumba vingapi, walimu wangapi, mwaka wa pili itakuwaje?

Swali linalofuata ni nani hupata nafasi ya kufunzwa kuuliza hivyo. Kote duniani shule zinazofundisha sera ya umma aghalabu huwa ni za wenye nacho. Iliyo maarufu zaidi, ile ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyoanzishwa mwaka wa 1936, ina karo ya kumfanya mzazi wa kawaida afunge kijitabu cha maelezo na kukirudisha mezani polepole. Matokeo yake ni kwamba sera za nyumba hutungwa na watu ambao hawajawahi kudaiwa kodi ya nyumba, na sera za usafiri na watu wasiojua foleni ya basi. Ndiyo sababu makala haya yanakupeleka Harlem, jijini New York, kwenye chuo cha umma kilichojaribu njia nyingine.

Chuo kilichopigiwa kura

Ukipanda treni nambari 1 ukashuke kituo cha Mtaa wa 137, kisha upande mlima kidogo kuelekea mashariki, utakutana na majengo ya mawe meusi yenye minara kama ya makanisa ya kale ya Ulaya. Hicho ndicho City College, yaani Chuo cha Jiji, kilichohamia hapo mwaka wa 1907. Ndani yake imo shule inayoitwa kwa jina la Colin Powell, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani.

Lakini hadithi yenyewe ilianza miaka mingi kabla Powell hajazaliwa. Mnamo 1847 Townsend Harris, aliyekuwa mkuu wa bodi ya elimu ya jiji, alitoa wazo ambalo kwa wakati huo lilikuwa kama kichaa: jiji lianzishe chuo cha juu, likilipie lenyewe, na watoto wa matajiri na wa maskini waketi pamoja pasipo kubaguliwa ila kwa bidii na tabia zao. Wakubwa walinuna. Suala likapelekwa kwa wananchi, nao wakapiga kura: 19,305 wakaunga mkono, 3,409 wakapinga. Zingatia hilo, msomaji. Chuo hiki hakikuanzishwa na tajiri aliyetaka jina lake lichongwe ukutani, wala na mfalme. Walipa kodi waliamua kukilipia wenyewe, watoto wao wasome bure.

Milango ilifunguliwa mwaka wa 1849, na wa kwanza kuingia walikuwa wavulana 143. Wasichana walisubiri sana. Hadi 1951 ndipo chuo chote kilipowafungulia mlango. Hata kura ya wananchi inaweza kusahau nusu ya wananchi.

Mijadala ya kantini

Katika miaka ya 1930 chuo hiki kilijaa wana wa Wayahudi waliohamia New York kutoka Ulaya Mashariki. Wengi walikuwa na akili za kutosha kuingia vyuo vikubwa vya kibinafsi, lakini vyuo hivyo vilikuwa vimeweka kiasi cha Wayahudi ambao vingekubali, na hata ambapo mlango ulikuwa wazi, pesa hazikuwepo. Basi wakaja hapa, wakabeba mikate yao kutoka nyumbani, na watu wakaanza kukiita chuo hicho Harvard ya wachochole.

Kantini yao ilikuwa na vijumba vidogo ukutani vyenye mabenchi. Kijumba nambari 1 kilikuwa cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto waliompinga Stalin. Nambari 2 kilikuwa cha wakomunisti waliomtukuza. Hapo walibishana mchana kutwa kuhusu ukosefu wa kazi, vyama vya wafanyakazi na vita vilivyokuwa vinakuja, mara nyingine wakisahau kwamba kuna mhadhara. Miongoni mwa vijana wa kijumba nambari 1 walikuwemo Daniel Bell na Irving Kristol. Mnamo 1965 wawili hao walianzisha jarida lililoitwa The Public Interest, ambalo kwa miaka arobaini lilikuwa mojawapo ya majarida yaliyosomwa sana na watunga sera wa Marekani. Kristol hatimaye alihama kabisa kutoka kushoto hadi kulia. Waliobaki kushoto hawakumsamehe, nao wahafidhina wakamfanya mzee wao.

Hata kabla ya hao, chuo kilikuwa kimetoa watu wa aina hiyo. Robert Wagner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehitimu 1898, ndiye seneta aliyeipa jina sheria ya 1935 inayowapa wafanyakazi wa Marekani haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri. Felix Frankfurter, naye mhamiaji, alihitimu 1902 na akawa jaji wa Mahakama ya Juu. Daniel Patrick Moynihan, seneta wa New York kuanzia 1977 hadi 2001, alipita hapo kwa muda mfupi kabla ya kuingia jeshi la majini. Shule ya sera ilikuwepo, ungesema, miaka mingi kabla ya kupewa jina na ofisi.

Kijana wa gredi ya C

Colin Powell alizaliwa Harlem mwaka wa 1937 na kulelewa Bronx Kusini. Wazazi wake walitoka Jamaika; baba alikuwa karani katika biashara ya nguo na mama alikuwa mshonaji. Alipomaliza shule ya upili alikubaliwa na vyuo viwili. Chuo Kikuu cha New York, ambacho ni cha kibinafsi licha ya jina lake, kilitaka dola 750 kwa mwaka. City College kilitaka dola 10. Katika kumbukumbu zake za maisha, Powell anasema hapo hapakuwa na la kuwaza zaidi.

Mama yake alitaka awe mhandisi, kwa kuwa huko ndiko kulikosemekana kuna pesa. Wazazi wa Nairobi na Mombasa mnaijua lugha hiyo. Kijana akajiandikisha. Siku moja ya kiangazi mwalimu wa uchoraji akamwambia awaze pia ikikatwa na bapa angani, naye akawaza na kuwaza asione chochote. Akauacha uhandisi, akaingia jiolojia kwa sababu ilionekana rahisi, na akahitimu mwaka wa 1958 akiwa na wastani wa C. Alichofanya vyema ni mafunzo ya uofisa wa jeshi yaliyotolewa chuoni, ambako alipata A. Yaliyobaki ni historia: akawa mkuu wa majeshi yote ya Marekani kuanzia 1989 hadi 1993, na Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2001 hadi 2005. Alifariki Oktoba 18, 2021.

Simwelezi Powell ili mwanao aone C ni sifa. Namweleza kwa sababu ya ile dola 10. Ungeiondoa hiyo, ungebaki na kijana mmoja zaidi wa Bronx aliyeshindwa na karo.

Mwaka bure ilipokwisha

Na iliondolewa. Ili uelewe ilivyokuwa, anza na Aprili 1969. Wakati huo chuo kilikuwa katikati ya Harlem, mtaa wa watu weusi, huku wengi wa wanafunzi wake wakiwa weupe. Wanafunzi weusi na wa asili ya Puerto Rico wapatao 200 walifunga malango ya upande wa kusini wa chuo na kuuteka kwa majuma mawili. Walidai, miongoni mwa mengine, kwamba wanaoingia chuoni wafanane na vijana waliomo katika shule za upili za jiji. Mkuu wa chuo akajiuzulu. Mwaka wa 1970 mfumo mzima wa vyuo vya umma vya jiji, unaojulikana kama CUNY, ukafungua mlango kwa kila aliyemaliza shule ya upili New York. Wanafunzi wapya waliongezeka kutoka takriban 20,000 hadi karibu 35,000 kwa mwaka mmoja. Ukiikumbuka Januari 2003 kwetu, picha unayo: furaha kubwa, vyumba vichache, walimu wakihangaika.

Miaka mitano baadaye jiji la New York likakaribia kufilisika. Mnamo 1976 CUNY kilikosa pesa za mishahara, vyuo vikafungwa kwa majuma mawili, na vilipofunguliwa vilikuja na jambo ambalo halikuwahi kuwepo kwa miaka 129: karo kwa kila mwanafunzi. Wengi wameona, nami naona hivyo, kwamba karo iliingia mara tu sura za wanafunzi zilipobadilika. Wengine husema jiji lilikuwa limefilisika, basi. Yote mawili ni kweli, na mwanafunzi wa sera anayeshika moja tu hajasoma bado.

Msomaji aliyekuwa chuo kikuu hapa Kenya mwaka wa 1991 hahitaji kuelezwa zaidi. Ndipo nasi tulipoletewa kugawana gharama, na wanafunzi waliozoea kulishwa na serikali wakaanza kupiga foleni wakiwa na vikaratasi vya chakula vya kununua. Bodi ya mikopo ya HELB ikaja mwaka wa 1995. Mnamo 2023 ukaja mtindo mwingine wa ufadhili, nao ukafikishwa mahakamani.

Shule yenyewe

Mnamo 1997 kikaanzishwa hapo City College kituo kidogo cha masomo ya sera kwa jina la Powell, ambaye kwa wakati huo alikuwa amestaafu jeshini. Mwaka wa 2013 kituo hicho kiliunganishwa na kitivo cha sayansi za jamii kikawa shule kamili: Shule ya Colin Powell ya Uongozi wa Kiraia na Kimataifa. Aliyekuwa akikiongoza kituo, Vincent Boudreau, mwalimu wa siasa, akawa mkuu wake wa kwanza, na baadaye mkuu wa chuo kizima.

Humo hufundishwa siasa, uchumi, sosholojia, anthropolojia, saikolojia na uhusiano wa kimataifa, hadi kiwango cha uzamili, pamoja na shahada ya uzamili ya usimamizi wa huduma za umma kwa wale wanaotaka kuendesha idara na mashirika. Ukitazama orodha hiyo utasema haina jipya. Masomo hayo yamo hata Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni kweli. Tofauti ni nani amekaa darasani. Wengi ni wahamiaji au wana wa wahamiaji, kutoka Jamhuri ya Dominika, Bangladesh, Afrika Magharibi na kwingineko, na wengi ndio wa kwanza katika jamaa zao kufika chuo. Mwalimu akitaja msaada wa kodi ya nyumba, kuna mwanafunzi ambaye mamake amejaza fomu hiyo wiki iliyopita na kurudishwa kwa kukosa sahihi moja. Mwanafunzi huyo anajua jambo ambalo mwandishi wa fomu hakulijua.

Jambo la pili ni la mfuko, nalo ndilo ninalolipenda zaidi. Mtu haingii katika kazi za sera kwa cheti peke yake. Huingia kwa kufanya kazi kwanza katika ofisi ya mbunge, wizara au shirika, ili ajulikane. Kwa miaka mingi nafasi hizo huko Marekani hazikuwa na malipo, kwa hiyo zilichukuliwa na vijana ambao baba zao wangeweza kuwalipia nyumba Washington kwa miezi mitatu. Kijana wa City College anayeuza dukani jioni ili alipe kodi hawezi kuacha mshahara akafanye kazi ya bure, hata awe na akili za Sulemani. Ndipo shule hiyo ilipoweka posho kwa wanafunzi inaowachagua, ili akienda ofisini asiache kula. Ni jambo dogo ambalo hutalikuta kwenye picha za kijitabu cha chuo, lakini bila hilo mlango uliofunguliwa hupitwa na wale wale.

Jina lenye doa

Haiwezekani kuandika kuhusu shule hiyo ukaruka Februari 5, 2003. Siku hiyo Powell aliketi mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na kuueleza ulimwengu kwamba Iraki ilikuwa imeficha silaha za maangamizi. Mwezi uliofuata vita vilianza. Silaha alizozitaja hazikupatikana. Mwaka wa 2005, akiwa ametoka serikalini, alikiri kwenye televisheni kwamba hotuba ile ni doa katika maisha yake na litabaki hapo. Kwa shule inayofundisha kupima ushahidi kabla ya kuamua, sijui kama kuna somo kubwa zaidi ya lile lililoandikwa juu ya mlango wake, na ningeshangaa kama kuna mwalimu anayelikwepa.

Kwetu Wakenya jina hilo lina upande mwingine. Oktoba 2003 Powell alifika Naivasha kuwasukuma John Garang na Ali Osman Taha wamalize mazungumzo ya amani ya Sudan, ambayo Jenerali Lazaro Sumbeiywo alikuwa akiyasimamia kwa subira isiyo ya kawaida. Januari 9, 2005 mkataba ukatiwa sahihi jijini Nairobi, na Powell alikuwepo kama shahidi, siku chache kabla ya kuondoka wizarani. Garang alikufa Julai mwaka huo huo. Sudan Kusini ikawa nchi huru mwaka wa 2011, na kufikia Desemba 2013, mwaka ule ule shule hii ilipofunguliwa, wananchi wake walikuwa wakiuana. Sahihi ni siku moja. Miaka inayofuata ndiyo inayohitaji watu waliosomea.

Kwa anayetaka kwenda, na kwa anayebaki

Najua kuna kijana ambaye tayari ameanza kupiga hesabu. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mkazi wa New York hulipa City College dola 6,930 kwa mwaka, yaani karibu Sh900,000, na wengi hupata msaada wa serikali unaopunguza au kufuta kiasi hicho. Wewe utokaye Kenya huhesabiwi kuwa mkazi. Utatozwa dola 620 kwa kila krediti, na shahada huwa na krediti 120. Hiyo ni dola 74,400, zaidi ya Sh9 milioni, kabla hujapata kitanda wala chakula. Mtu akikuambia chuo hicho ni rahisi, muulize ni rahisi kwa nani. Njia ya busara zaidi ni kumaliza shahada ya kwanza hapa nyumbani, kisha utafute ufadhili wa uzamili.

Wala hapa hatuko mikono mitupu. Taasisi ya KIPPRA, inayochambua sera za umma, iliundwa mwaka wa 1997, mwaka ule ule na kituo cha Powell, nayo huwa na mpango wa kuwachukua na kuwafunza vijana waliohitimu. Kenya School of Government ya Lower Kabete, iliyochukua mahali pa KIA mwaka wa 2012, hunoa hasa walio tayari kazini serikalini. Anayesoma uchumi, takwimu au sosholojia katika chuo kikuu chochote cha umma ameshika njia hiyo hiyo, mradi asiikimbie hisabati.

Pengo letu liko katika yale mafunzo ya kazini tunayoyaita atachimenti. Mwanafunzi huambiwa akatafute ofisi mwenyewe, na akiipata, mara nyingi halipwi hata ya chai. Chukua msichana anayeishi Kayole akiwa na barua ya kujifunza kazi katika wizara mjini. Tuseme nauli ni shilingi 100 kwenda, 100 kurudi, na chakula cha mchana 100, siku tano kwa wiki, wiki 12. Hizo ni Sh18,000. Kwa miaka mingi karo ya mwaka mzima kwa mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali ilikuwa Sh16,000.